Kibuyu Kilichofika Kimejaa

Mwalimu Anisia alikuwa na kinyaa. Si kile kinyaa cha kujidai, cha kushika kikombe kwa vidole viwili ili watu waone. Chake kilikuwa cha kuzaliwa nacho, cha tumboni hasa. Nzi akitua ukingoni mwa bakuli lake, chakula chote kilikwenda kwa mbwa, na mbwa mwenyewe alitazamwa kwa mashaka. Misibani alikula kwa macho. Harusini alikwenda na kikombe chake ndani ya mkoba, kimefungwa kitambaa, na mtu akimwomba amwazime, alijibu, "Kina ufa," wakati hakikuwa na ufa wowote. Wanafunzi walimwita Mwalimu Ptuu, maana hakuweza kupita penye mavi ya mbuzi asiteme mate pembeni, na Tinde alikofundisha, Tinde ile ya mwaka sabini na mbili, kwa mbuzi ilivyokuwa nao, ilimpa kazi kutwa nzima.

Kwao ni Ushirombo. Alikuwa Msumbwa, binti wa katekista, na masista ndio waliomlea kimasomo. Walimfundisha kuchemsha maji, kunyoosha shuka, na hesabu. Hesabu alizipenda kuliko vyote kwa sababu hazinuki. Namba haitoi jasho, haina kamasi, haimwachii mtu utelezi mkononi. Akiwa mbele ya ubao na chaki yake, na watoto wa darasa la tano wamenawa mikono kama alivyoamuru, uso wake uliokuwa umekunjamana tangu asubuhi ulikunjuka kidogo.

Alichokipenda zaidi ni kuzidisha sehemu. Kila mwaka watoto waliduwaa palepale. "Mwalimu, kuzidisha si kuongeza? Mbona nusu mara nusu imekuwa robo?" Anisia alifurahi mno kwa swali hilo. Akawaambia wasome neno "mara" kama "ya": nusu ya nusu. Akawaonyesha kwamba nusu ya theluthi na theluthi ya nusu ni kitu kimoja, ukianza huku au ukianza kule. Kwamba ukizidisha kwa moja, kitu kinabaki kama kilivyokuja, na ukizidisha kwa sifuri, hata kingekuwa kikubwa namna gani, kimekwisha. Na kwamba kila sehemu, isipokuwa sifuri, ina mwenzake wa kuirudisha kuwa kitu kizima: robo ukiipiga mara nne, umepata moja yako. Hilo la mwisho lilimfariji. Aliamini kwamba kilichopungua hurudishwa, mradi ujue kimepunguzwa kwa kiasi gani.

Mumewe, Donatus, alikuwa mpima pamba kwenye ghala la ushirika. Msukuma, mrefu, mpole. Jamani, mpole! Mtu akimkanyaga mguu, yeye ndiye anayesema samahani. Walikuwa na mtoto mmoja, Gelasius, aliyekuwa anasoma seminari, na nyumbani waliishi na mama yake Donatus, Mama Zipora, bibi mwenye sauti nzito na kigoda chake kando ya jiko. Baina ya bibi huyo na mkwewe palikuwa na heshima nyingi na mapenzi machache. Mama Zipora alikuwa ameona kile kikombe cha mkobani, akakielewa.

Basi mwaka huo mdogo wake Anisia, Mektilda, alifariki kwa uzazi kule Ushirombo. Mtoto akabaki. Wa kike, mdogo kama paka, wakambatiza haraka haraka jina la Epifania. Anisia alikwenda mazikoni akarudi na mtoto mgongoni, na nyuma yake ng'ombe mmoja wa maziwa, zawadi ya baba yake katekista, amnyonyeshe mjukuu asiye na mama. Nyumba ya mwalimu haikuwa na malisho. Kwa hiyo Donatus akafanya wanavyofanya Wasukuma siku zote, kile wanachokiita kubilisa: akamkabidhi ng'ombe kwa rafiki yake Mabula, ng'ambo ya mbuga, amchunge kwake. Anayechunga ng'ombe wa mwenzake ana haki ya kunywa maziwa. Ndiyo shukrani yake, hakuna anayemsimanga. Walipatana tu kwamba kila asubuhi kibuyu kimoja kiende Tinde kwa ajili ya mtoto. Muuza samaki mmoja, Thobias, aliyepita njia hiyo na baiskeli kila siku, akakubali kukibeba kwenye keria, bure, kwa uungwana.

Na kibuyu kilifika kimejaa. Nataka mlishike hilo. Katika nchi ile kumpelekea mtu kibuyu kisichojaa ni kumtukana. Ni kumwambia, wewe ni wa masalio. Heri usipeleke kabisa. Kila siku kibuyu cha Epifania kilifika kimejaa mpaka shingoni, na kila aliyekiona alisema, ama kweli Mabula ni muungwana.

Mtoto, lakini, alikuwa anakwisha.

Anisia alimwona anavyokwisha. Mapaja yalilegea kama soksi. Kichwa kikawa kikubwa kuliko mwili, macho yakazama, na kulia kwenyewe hakukuwa na nguvu. Tena aliharisha, kila mara, maji matupu yenye harufu ya tope. Anisia, ambaye hakuweza kutazama kamasi za mtoto wa mwingine, alimfulia yule mtoto nguo kwa mikono yake huku ameziba pumzi, akitapika pembeni, akirudi kufua. Akimwuliza mkwewe aliyeshinda na mtoto wakati yeye yuko shuleni, Mama Zipora alisema, "Kiangazi hiki, mama Gelasius. Ng'ombe anakula majani makavu. Maziwa ya kiangazi ndivyo yalivyo, mepesi."

Sasa mwalimu wa hesabu akafanya kosa la mwalimu wa hesabu. Kama maziwa ni mepesi, alisema moyoni, basi nitamwongezea. Yamepungua nusu, nitampa mara mbili. Yamepungua zaidi, mara nne. Jioni akamkalisha mtoto mapajani na kikombe na kijiko, akamnywesha mpaka tumbo likawambwa kama ngoma. Epifania alikunywa, akayarudisha yote, chini na juu. Kesho yake Anisia akamwongezea tena. Ubaoni ilikubali. Tumbo la mtoto, ambalo lote lingeingia kwenye kiganja, halikuwa na habari na ubao.

Siku moja ya juma koo lilimkauka kwa vumbi la chaki, sauti ikakata, mwalimu mkuu akamwambia aende nyumbani. Alifika saa nne, akapitia uani. Mama Zipora alikuwa kwenye kigoda chake, mgongo umeelekea mlango. Mbele yake sufuria na kibuyu. Alikuwa amemimina nusu ya maziwa kwenye sufuria, anakunywa taratibu kwa kata, na mkono wa pili anachota maji mtungini na kukijazia kibuyu. Anajaza kwa uangalifu, hata tone lisimwagike.

Anisia alisimama pale.

"Mama, shikamoo," alisema, kwa sababu hata ukimkuta mkweo anakuua, shikamoo ni shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?" Bibi hakushtuka. Alifuta midomo kwa upande wa kanga. "Nilikuwa nachukua yangu kidogo. Nusu tu. Mtoto mdogo hivi atamaliza kibuyu kizima? Na mimi mtu mzima kwenye nyumba ya mwanangu nikae koo kavu, maziwa yanapita mbele yangu kwenda kwa mtoto wa Ushirombo?"

"Unayachemsha, Mama? Nilikuomba uyachemshe."

"Nayapasha. Kuchemsha siwezi. Ukichemsha maziwa, chuchu za ng'ombe zinakauka kule aliko. Mlifundishwa nini nyie na hao masista?"

Loo! Anisia alifyonya ndani kwa ndani, maana kumfyonya mkwe kwa sauti hawezi. Alitaka kuchukua mtoto aingie ndani, lakini jicho la hesabu likamkamata. Yale yaliyokuwa ndani ya sufuria, yale ya bibi, yalikuwa bado hayajatiwa maji ya mtungini. Yalipaswa kuwa maziwa halisi. Akaomba kata, akachovya, akainua. Yalichuruzika kama maji ya kuoshea mchele. Na chini ya kata palibaki chembechembe nyeusi za tope.

Kwa hiyo nusu ya Mama Zipora ilikuwa nusu ya kitu kilichokwisha kupunguzwa. Kuna mtu mbele yake.

Asubuhi iliyofuata hakwenda shuleni. Alimfunga Epifania mgongoni akatembea mpaka mbugani, pale njia inapopita kando ya lambo. Lambo la kiangazi, mnalijua: maji yamebaki katikati kama supu ya kijani, pembeni tope lililokanyagwa na kwato, na ng'ombe wamesimama ndani mpaka magotini, wanakunywa mbele, wanakojoa nyuma, raha mustarehe. Harufu yake peke yake ingemfukuza Anisia siku nyingine yoyote. Akakaa nyuma ya kichaka cha mwiba, kanga puani.

Thobias akaja anapiga mluzi. Akaegesha baiskeli. Akafungua kibuyu, akakiinua, akanywa, koo linapanda na kushuka, halafu akapima kwa kidole maziwa yalipofikia, akaridhika. Kisha akavua kandambili, akakunja suruali, akaingia lamboni. Hatua mbili tu kutoka kwake fahali mmoja aliinua mkia. Thobias alisogea kidogo, kwa adabu, akachota kwa kiganja, akatia kibuyuni, akachota, akatia, mpaka kikajaa shingoni. Akafuta mdomo wa kibuyu kwa shati lake lenye magamba ya samaki.

Anisia alitapika palepale nyuma ya kichaka. Thobias alisikia, akageuka.

"He! Mwalimu! Shikamoo, mwalimu. Unaumwa?"

"Thobias," alisema, sauti imerudi kwa hasira, "unamnywesha mtoto wangu mkojo wa ng'ombe?"

Mtu yule alishangaa kwa dhati. Ndicho kilichomchukiza Anisia kuliko lile lambo: mshangao wake safi. "Mwalimu, usiseme hivyo. Mimi nakunywa theluthi tu, hivi kwa macho. Njia ni ndefu, jua kali, na sikudai kitu. Sasa nikuletee kibuyu kimepungua, unione mimi sina adabu? Nakijaza. Siku zote nakijaza."

"Na maji ya lambo?"

"Maji mengine yako wapi hapa?" alisema, akionyesha mbuga nzima kwa mkono.

Anisia alikitazama kibuyu. Akamwambia ageuze baiskeli, wanarudi kwa Mabula. Thobias alilalamika samaki wake wataoza. "Na waoze," alisema Anisia, "wataendana na mwenye mali." Wakaenda, yeye mbele, Thobias nyuma anakokota baiskeli, nzi wanafuata.

Mabula hakuwepo, alikuwa machungani. Mkewe, Mama Bhoke, alikuwa anasugua vibuyu kwa majivu. Mwanamke nadhifu, uwanja umefagiwa mpaka unang'aa, na Anisia alipouona ule usafi moyo ulimtulia, akafikiri, hapa angalau. "Mwangaluka, mayu!" Mama Bhoke alimwamkia Kisukuma kwa furaha, akaleta kiti, akamsifu mtoto mgongoni, halafu alipomwona vizuri uso, sifa zikamkauka mdomoni.

Alipoulizwa hakuficha. Kwa nini afiche? "Mimi nachukua robo, mayu. Robo tu. Ni haki yetu, tunamchunga. Wengine wanachukua nusu. Na maji ninayojazia ni ya kisima, nayachuja kwa kitambaa. Kibuyu kisichojaa siwezi kukutumia, utasema Mama Bhoke amenidharau."

Anisia alikaa na lile neno, robo, halafu theluthi, halafu nusu. Vidole vilimcheza vyenyewe. Alimshukuru Mama Bhoke kwa maneno ya baridi kama ugali wa jana, akamwambia kesho atamfuata ng'ombe wake. Mama Bhoke alianza kulia. Kumwondoa ng'ombe aliyebiliswa bila kosa la wazi ni kumvua mtu nguo sokoni, na Anisia alilijua hilo, na siku ile hakujali.

Nyumbani Donatus alikuwa amekuja kula. Mama Zipora kwenye kigoda. Thobias alisimama mlangoni, hajui kama ni mgeni au mshtakiwa. Anisia akaeleza yote, kuanzia kata ya tope mpaka kisima cha Mama Bhoke. Akasema hapa kuna watu watatu wamemnyonya mtoto yatima.

Hapo ndipo mpima pamba alipojaribu kuleta amani. Alikuna kichwa, akahesabu kwa sauti. "Mama Gelasius, ngoja. Robo, na theluthi, na nusu. Ukijumlisha, zinapita kibuyu kizima. Sasa wangewezaje kunywa zaidi ya kibuyu? Na bado kilikuwa na weupe. Basi mtu hapa kakosea kukadiria. Labda hata hawakunywa hivyo. Labda ni hayo majani makavu."

"Unajumlisha nini, Baba Gelasius?" Anisia alishika ufagio akaugeuza, akaanza kuchora kwenye vumbi la uwanja kwa ule mpini. "Hawa hawakunywa kwenye kibuyu kimoja kwa pamoja. Kila mtu kanywa kwenye masalio ya mwenzake. Mama Bhoke kaacha robo tatu. Huyu hapa kaacha theluthi mbili za hizo robo tatu, ndiyo nusu. Mama kaacha nusu ya hiyo nusu. Robo! Mtoto anakunywa robo ya maziwa na robo tatu ya uchafu, halafu mimi mwenyewe, mpumbavu mwenye cheti, nikamzidishia vikombe!"

Thobias aliona pa kutokea. "Mwalimu, mimi wa kati. Aliyeanza ndiye mwenye kosa. Yeye ndiye aliyeyafungua maziwa mazima."

"Na mimi nilikuta yameshaharibika," alisema Mama Zipora. "Nusu yangu ilikuwa ya maji. Kosa langu ni dogo kuliko lenu wote."

Basi wakaanza, jamani, wakaanza kugombania nafasi! Wa kwanza kanywa kidogo kuliko wote, robo tu. Wa mwisho kanywa yaliyokwisha. Wa kati alikuwa na kiu ya njiani. Na kila mmoja na haki yake mkononi: mchungaji na haki ya kuchunga, mbebaji na haki ya kubeba, mzee na haki ya uzee. Yatima alikuwa mgongoni, macho nusu, nzi mmoja ametua kwenye kona ya jicho, wala hana nguvu ya kumfukuza. Anisia alisikiliza, na kile kichefuchefu cha lambo kikampanda upya, mara hii kwa ajili ya watu.

"Pangeni mnavyotaka," alisema. "Aanze Mama, amalize Mama Bhoke. Aanze Thobias. Jibu ni lile lile. Robo! Hakuna mpangilio hata mmoja unaomwongezea huyu tone. Na kama mnataka kujua nani kanywa zaidi, basi sikilizeni mfurahi. Mama Bhoke alikunywa robo. Theluthi ya robo tatu ni robo, hiyo ya Thobias. Nusu ya nusu ni robo, hiyo ya Mama. Mmegawana sawasawa na mtoto asiye na meno. Hata mngekuwa mia mnakaa njia nzima kutoka kwa Mabula mpaka hapa, yangebaki machozi ya maziwa, na kibuyu kingefika kimejaa, na mimi ningeshukuru. Kama mngekuwa wezi wa kawaida, kibuyu kingefika robo na ningejua siku ya kwanza! Adabu yenu ndiyo inayoua. Na hata hiyo robo, Thobias, uliipiga kwa sifuri pale lamboni. Ingekuwa kibuyu cha asali, ukishatia yale maji, hakuna kitu."

Thobias alitazama miguu yake, tope la lambo limeganda vidoleni. Mama Zipora alisema kwa nguvu kwamba katika maisha yake hajawahi kuitwa muuaji na mtu aliyeolewa na mwanawe. Donatus akainua mikono miwili, kama mtu anayetenganisha mbuzi.

"Mimi nashukuru Mungu," alisema kwa upole wake ule ule, "mimi sikugusa hata tone. Kila siku napokea kibuyu mlangoni nakiweka jikoni. Basi."

Anisia alimgeukia polepole.

"Ulikuwa unakinusa?"

Donatus aliishusha ile mikono.

"Wewe unapima pamba. Mtu akificha jiwe ndani ya gunia unalijua kabla halijafika mizani. Ulikuwa unakinusa, Baba Gelasius? Ulimwona mama yako akijazia?"

"Sasa ningemwambia nini mama yangu?" alisema Donatus. "Na Thobias anabeba bure. Na Mabula ni rafiki. Niliona... niliona yasiwe maneno."

Hakumpigia kelele. Ndiyo kwanza alishusha sauti. "Hawa wamepunguza. Wewe umezidisha kwa moja. Kimekujia kichafu, umekipitisha kichafu, mkono wako safi. Nakuonea kinyaa, Donatus." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina lake mbele ya mama yake, na bibi alishika kifua.

Akatoka na mtoto mpaka zahanati, kwa miguu, bila kuaga. Sista aliyekuwa zamu alimpokea Epifania, akamvuta ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, ngozi ikakaa imeinuka haikurudi. Akamtazama Anisia kwa jicho la kuuliza, wewe mwalimu, uliyesoma, ulikuwa wapi? Siku zile mtoto alining'inia baina ya kufa na kupona. Walimpa maji ya sukari na chumvi kijiko kwa kijiko, mchana kutwa, na Anisia alikaa sakafuni miongoni mwa matapishi ya watoto wa watu, hakutema mate hata mara moja. Hakuwa na nafasi.

Mtoto alishika. Kuharisha kukakoma, macho yakapanda kidogo. Wakati huo Donatus, pengine kwa aibu, alikwenda mwenyewe kumchukua ng'ombe kwa Mabula, akabeba lawama zote na uso wake mpole, akamfunga nyuma ya nyumba, akawa anamkatia majani kabla ya kwenda ghalani. Urafiki na Mabula ukafa palepale. Anisia aliporudi na mtoto hakusema ahsante. Alikwenda kusimama kando ya ng'ombe wakati anakamuliwa, akahakikisha, akapokea chombo mwenyewe, akachemsha mwenyewe mpaka yakapanda na kumwagikia moto, na Mama Zipora akaguna kwa ajili ya chuchu za ng'ombe. Utando ulikaa juu, wa manjano, mzito. Maziwa mazima. Moja kamili. Anisia alipoza kikombe, akamkalisha Epifania mapajani, akampa kijiko cha kwanza.

Mtoto alikunja uso. Akasukuma kwa ulimi, yakachuruzika kidevuni. Anisia akajaribu tena. Epifania akageuza shingo, midomo imebana, na uso ule mdogo ulijaa kinyaa, kinyaa kitupu, kama mtu aliyepewa kitu cha kuoza. Hakuwa amewahi kuyaonja. Alipolazimishwa kijiko cha tatu akatapika, akalia kwa sauti ambayo Anisia hakujua kwamba bado anayo.

Alikimbia naye zahanati. Sista hakushangaa. "Tumbo lake halijui maziwa," alisema. "Ukimpa hivyo utamwua. Mwanzishie robo. Maziwa kikombe kimoja, maji ya kuchemsha vitatu. Akizoea, theluthi. Halafu nusu. Taratibu."

"Robo," alisema Anisia.

"Robo. Wewe si mwalimu wa hesabu?"

Akarudi nyumbani. Akachemsha maji, akayapoza, akayafunika kwa kitambaa safi. Akakaa chini jikoni, mtoto mapajani, bakuli mbele. Akamimina kikombe kimoja cha maziwa yale meupe mazito aliyoyavunjia undugu na watu. Kisha akachota maji. Mkono wake ulikataa kidogo hewani. Aliutazama kama mkono wa Thobias. Akatia. Akachota cha pili, akatia. Maziwa yakawa ya kijivujivu, rangi ile ile. Epifania alinyoosha shingo kuelekea bakuli, akafungua mdomo.

Kwenye kigoda chake Mama Zipora, ambaye hawakuwa wamesemeshana tangu siku ile ya uwanjani, aliinama akachungulia bakuli.

"Ongeza maji, mwanangu," alisema. "Bado mazito hayo."

Anisia akaongeza.